Kiyoyozi cha Mzee Chibehe

Tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo. Muulizeni mtu yeyote wa Kilimapunda. Ila msimuulize Nyanzala muuza magadi, wala mume wangu wa kwanza, wala wa pili, na yule fundi viatu wa lango la chini naye mwacheni, ana kinyongo. Kwa kifupi, waulizeni wasionijua.

Jina langu Kalunde binti Sizya, Mnyamwezi, mgawa uji mstaafu. Kwenye daftari la mji nina miaka sitini na moja. Magoti yangu yameambiwa hivyo, bado hayajaamini. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Basi nikikosea jambo la mashine, mwenye digrii anisahihishe, lakini asinikatize.

Tanuri ya mwaka ule ilikuwa ya siku nne. Upepo ulitoka kaskazini na vumbi lake jekundu, joto likapanda mpaka hamsini na tano, tukafunga milango, tukaziba nyufa kwa udongo, kila mtu akakaa mbele ya kiyoyozi chake kama anaabudu. Kutoka nje hutoki. Siku kama hizo mtu akienda kuomba chumvi kwa jirani, jirani anampokea maiti. Na vumbi likishalala juu ya paneli za jua, umeme mpya hauji. Tunatafuna uliomo kwenye betri kuu chini ya kilima, na anayeugawa si mtu. Ni Mgawaji.

Mgawaji ana mdomo kila nyumba, tundu dogo la kipaza sauti juu ya mlango. Zamani alitutambua kwa vidole, lakini vidole vya watu wa huku vimelika kwa mchanga, alama zimekwisha kama sabuni. Ndipo akafundishwa sauti. Ukisema hodi anakujua. Ukikohoa anajua ni wewe na anajua una mafua. Mwenye nyumba akimuuliza habari za nyumba yake, lazima ajibiwe. Asiye mwenye nyumba anaambiwa kwaheri. Na langoni, kwa herufi ambazo hata mimi nazisoma bila miwani, imeandikwa sheria ya mji: NYUMBA KWA NYUMBA, ZAMU KWA ZAMU. Maana yake umeme ukipungua, kila nyumba inapumzishwa kidogo, yangu na ya mwenyekiti.

Siku ya tatu, saa nane mchana, kiyoyozi cha Mzee Chibehe kilinyamaza, na hakikuwaka tena mpaka Tanuri ilipopita. Tulimkuta kwenye kiti chake cha kamba. Koti lake la kijani lilikuwa kwenye msumari, lakini kofia alikuwa ameivaa, kama mtu anayesubiri wageni.

Kabla hatujamaliza kumfunika, matundu yote ya mji yakatangaza kwa sauti ya Ndahani, Fundi Mkuu wa Ubaridi: "Kiyoyozi cha nyumba namba kumi na nne kilipata hitilafu. Tunawapa pole wafiwa."

Hitilafu. Neno dogo tu. Lakini kile kiyoyozi kilikuwa kimetengenezwa wiki ileile, na aliyekitengeneza alikuwa binti yake mwenyewe.

*

Nilimkuta Mbeleje uani kwa baba yake, amekaa juu ya mkeka, amekifungua kiyoyozi chote. Mota huku, feni huku, nati zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mla mlenda."

Mgogo akitukanwa na Mnyamwezi lazima ajibu. Ndio utani wetu, umetoka kwa mababu na hauna likizo, hata msibani. Hasa msibani. Mbeleje hakujibu. Hapo nikajua mambo ni mazito.

"Hiki kizima," akasema. "Mota nzima. Waya mzima. Umeme uliporudi kiliwaka chenyewe, kikampulizia maiti ubaridi. Nimekifungua mara saba, Bibi. Nimekosea wapi?"

"Ndahani anasemaje?"

"Anasema mota ikipata moto sana hunyamaza, ikipoa huamka. Inaweza kuwa. Mota zipo za namna hiyo." Akashika nati moja, akaigeuza. "Hii niliikaza mara mbili au mara moja? Sikumbuki. Baba alikuwa ananisimulia habari za mbuzi wake wa zamani, nikawa nacheka. Labda nilikuwa nacheka tu."

"Na Baraza la Mafundi?"

"Wamechukua spana yangu."

Sheria ya mafundi naijua. Fundi ambaye kazi yake imeua hukaa mpaka marehemu azikwe, kisha hutoka langoni na maji ya siku tatu. Mji wa karibu ni mwendo wa siku tano. Hesabu hiyo haihitaji hata darasa la pili.

"Kesho asubuhi tukishazika," akasema. "Wala siwalaumu. Kama ni mimi, ni mimi."

Mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi ambaye mji mzima ulimgombania, anaongea kama mtoto aliyevunja chungu. Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Kufukuzwa ni jambo moja. Kufukuzwa huku unaamini umemuua baba yako ni jambo lingine, na mimi nilijua kitu ambacho Mbeleje hakukijua. Nilimjua Ndahani.

*

Nyinyi mmesikia habari za Wanajumla, nadhani kwa ubaya. Mwanajumla ni mtu anayeamini kwamba tendo jema ni lile linaloacha heri nyingi na maumivu machache, ukijumlisha watu wote, na wewe ukajihesabu mmoja tu kama mwingine. Mjomba wako mmoja. Adui yako mmoja. Wewe mmoja. Mimi nilijifunza imani hiyo jikoni, kwenye shule yao ya Igunguli, watoto mia mbili na upawa mmoja. Walimu walikuwa wanaandika vitabu. Mimi nilikuwa nachota.

Kisha watu wa Igunguli wakagundua kwamba daktari wao ni Mwanajumla, kwamba vitanda vya hospitali havikuwa vikigawiwa kwa foleni bali kwa hesabu, na mpiga hesabu ni Mgawaji. Akina mama walitoka na michi. Walimvunja Mgawaji wa kule vipandevipande. Tanuri iliyofuata iliua watu mia tatu na arobaini, na mmoja alikuwa mama yake Ndahani. Nilimbeba yule mtoto mgongoni siku sita mpaka hapa kwetu, nilikosomea.

Tangu hapo Wanajumla waliobaki wamefunga midomo. Mimi sikufunga. Nimesema kisimani, nimesema harusini, nimesema mbele ya mwenyekiti: mimi ni Mwanajumla. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. "Bi Kalunde bwana!"

Basi nikashuka ngazi za chini ya kilima, mia moja na kumi na mbili, magoti yakinitukana kila ngazi.

"Karibu, mpagazi," Ndahani akasema, Mgogo naye. Alikuwa peke yake mbele ya vioo vyake vya kuongozea umeme, amevaa sweta. Kule chini ndipo mahali pekee Kilimapunda mtu anapovaa sweta.

"Mpagazi aliyekubeba kutoka Igunguli, na mzigo ukamkojolea njia nzima. Ndahani, mota ya Chibehe nzima."

"Mota zikipata moto sana, Bibi..."

Nikakaa. Nikamwangalia. Watoto mia mbili nimewagawia uji. Najua sura ya aliyekwisha kula akarudi foleni.

Aliangalia vioo, akaangalia viatu vyake, akaangalia tena vioo. Mwishowe akasema, "Zamu kwa zamu haifanyi kazi, Bibi. Haijawahi kufanya kazi. Chumba kinataka dakika ishirini kupoa. Ukipitisha zamu nyumba mia moja na themanini, kila moja inapata dakika sita. Hakuna inayopoa. Umemwaga umeme mchangani. Siku ya tatu ile, zamu kwa zamu ingetuachia maiti arobaini. Nilifungua mfumo wa Mgawaji miaka kumi na miwili iliyopita, nikauandika upya. Anajumlisha."

"Kwa hiyo aliizima nyumba moja ili nyingine zipone."

"Zilibaki mbili. Kila nyumba mtu mmoja, umeme wa nyumba moja."

"Vichwa sawa."

"Vichwa sawa. Ndipo akahesabu miaka iliyobaki."

"Miaka?" nikasema. "Mimi nilidhani anahesabu vichwa tu."

"Vikilingana, anahesabu miaka."

Nikakohoa kidogo. Kule chini kuna baridi. "Na hiyo miaka anaitoa wapi?"

"Kwenye daftari la mji. Kila mtu alivyojiandikisha."

"Hiyo nyumba ya pili ilikuwa ya nani?"

"Hilo bora usijue, Bibi."

Nikaliacha. Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja na sikutaka kutoka njiani. "Kesho utasimama msibani, utasema ulivyoniambia hapa. Mbeleje atarudishiwa spana."

"Nikisema, watavunja."

"Huenda."

"Hakuna huenda! Uliona Igunguli. Ulinikuta nikilia juu ya mama yangu ukanibeba, umesahau?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mbeleje ni mmoja. Nimempigia hesabu. Nilimwekea mitungi sita ya maji nje, nyuma ya mwamba wa pili, itamfikisha. Mtu mmoja atahuzunika. Mji utapona. Jumla inasema ninyamaze."

"Jumla haina mdomo, mwanangu. Ni wewe unayesema, unaisingizia."

"Wewe ni Mwanajumla! Ulinifundisha wewe, kwa maharage, mezani!"

"Nilikufundisha kujumlisha. Kuficha sufuria sikukufundisha." Nilisimama, nikashika meza maana goti lilikuwa limelala. "Nisikilize. Miaka ishirini na minne nimegawa uji. Mgonjwa nilimwongezea, mkubwa nilimpunguzia, na hakuna mtoto aliyenitupia bakuli. Unajua kwa nini? Sufuria lilikuwa uani. Upawa wanauona. Aliyepunjwa alikuwa anakuja ananiuliza usoni, Bibi mbona yule? Namjibu. Ananuna, anakula. Sasa wewe umelipeleka sufuria chumbani, umefunga mlango, unatoa mabakuli dirishani ukisema yote sawa. Siku mlango ukifunguka hawatauliza uji uligawiwaje. Watauliza ulikuwa unafanya nini mle ndani."

"Igunguli hawakuuliza chochote."

"Igunguli waligundua. Hawakuambiwa. Kuna mtu aliyewahi kuwaambia? Hata mmoja? Mmejumlisha kila kitu, hilo hamjalijaribu hata mara moja, kisha mnaniambia jibu mnalo."

Akacheka, kicheko kidogo kibaya, akanichoma mahali ambapo sikutarajia. "Na wewe, Bibi? Unajidai hufichi. Umesema mara elfu na hakuna aliyekuamini, na unajua hawatakuamini, ndiyo maana unasema. Mimi nimejificha shimoni. Wewe umejificha kwenye kicheko. Nani amejificha vizuri?"

Nikashika njia ya ngazi, kisha nikageuka.

"Mpaka kesho saa moja asubuhi," nikamwambia. "Usiposema wewe, atasema marehemu."

*

Huku tunazika mapema, jua halijakasirika. Saa kumi na mbili na nusu turubai lilikuwa limejaa. Jeneza lilikuwa mbele ya mlango wa Chibehe, chini ya lile tundu. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wanatwanga mahindi ya kande. Michi ilikuwa inasikika, du, du, du, na kila ilipotua nilimwona Ndahani akipepesa macho.

Mbeleje alikaa peke yake upande wa kulia. Kando yake lilikuwa begi dogo limeshafungwa.

Katekista akasoma wasifu. Amezaliwa, amebatizwa, amesoma, ameoa, amefuga, amefariki akiwa na miaka sabini na saba. Bwana alitoa. Kisha akamwita Fundi Mkuu aseme neno kwa niaba ya mji.

Ndahani alisimama. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nilimwombea, jamani, mimi ambaye Mungu akinisikia naomba hudhani napiga soga.

"Ndugu wafiwa," akasema. "Mji umempoteza mzee. Kiyoyozi, kama mlivyosikia, kilipata hitilafu..."

Basi.

Mgeni asiyejua desturi angeshangaa, lakini kwetu hakushangaa mtu. Mtani hasubiri kukaribishwa. Nikainuka, nikapita katikati ya wafiwa, nikaingia ndani, nikatoka nimevaa koti la kijani la marehemu, kofia yake imenifunika masikio, fimbo yake mkononi. Nikakaa juu ya jeneza. Turubai zima likaanza kucheka, hata waliokuwa wanalia. Ndiyo kazi ya mtani: kumrudisha maiti kidogo ili watu wamuage vizuri.

"Mnanizika mapema hivi, mna haraka ya kande?" nikasema, na nilisema kwa koo la Chibehe, lile koo lake la mchanga, na kikohozi chake cha mara mbili na kuguna mwishoni. "Mimi Chibehe nimeishi vizuri. Kosa langu moja. Kuanzia darasa la kwanza nilikaa dawati moja na Kalunde, nikawa nanakili hesabu zake. Ndiyo maana nilifeli!"

Walipiga makofi. Nyanzala muuza magadi alijifuta machozi kwa khanga. Mbeleje mwenyewe alitabasamu, akaficha mdomo.

Sasa, sikia jambo hili. Kwetu jina la marehemu halifutwi daftarini kabla ya kuanua matanga. Tunampa siku zake za kuaga. Kwa hiyo asubuhi ile, kwa Mgawaji, mwenye nyumba namba kumi na nne alikuwa bado mwenye nyumba.

Nikainua uso kwenye tundu. Nikakohoa mara mbili, nikaguna.

"Hodi, Mgawaji."

"Karibu, Mzee Chibehe," tundu likajibu.

Kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa kisu. Hata michi ilinyamaza kule nyuma.

"Bibi," Ndahani akasema. "Bibi, tafadhali."

"Siku ya tatu ya Tanuri kiyoyozi changu kilizimika. Kwa nini?"

"Hakikuzimika, Mzee. Nilikizima."

"Mota ilikuwa na hitilafu?"

"Hapana. Mota ilikuwa nzima. Ilifungwa vizuri, kila nati mahali pake."

Mbeleje alitoa sauti. Haikuwa kilio, haikuwa neno. Alishika begi lake akalikumbatia, akalitazama, akalitupa mbali kama kitu kilichomng'ata.

"Sasa kwa nini ulikizima, na sheria ni zamu kwa zamu?"

"Mimi sigawi kwa zamu, Mzee. Najumlisha."

Hapo ndipo yakaja. Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Igunguli!" Mwingine akasema, "Mwanajumla!" Kutoka nyuma ya nyumba wakatokea akina mama, na mmoja, mpana, mikono yake imejaa unga, alikuwa na mchi begani. Alikuwa anaangalia tundu. Watu walimpisha.

Mbeleje alifika mlangoni kabla yake. Alisimama chini ya lile tundu, mikono imeshika pande zote mbili za fremu.

"Asiguse mtu."

"Kimemuua baba yako hicho!"

"Najua. Nilikuwa natoka langoni leo nikijua ni mimi." Hakuondoa mikono. "Nimedanganywa siku mbili, dada yangu. Sasa kuna kitu kinasema kweli, wewe unataka kukivunja? Ngoja kwanza nisikie. Fundi Mkuu, sema."

Ndahani angeweza kukimbia. Njia ilikuwapo, na viatu vyake ni vizuri kuliko vyetu. Badala yake alikuja mbele, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo nusu ya turubai haikuisikia, Mbeleje akamwambia aseme tena, akasema tena: "Mimi ni Mwanajumla."

Nimesema maneno hayo miaka mingi watu wakacheka. Aliposema yeye hakucheka mtu.

Akawaeleza. Dakika ishirini, dakika sita, maiti arobaini. Hakujitetea sana. Alisema kwamba alidanganya, kwamba alijua Mbeleje hana kosa, kwamba alimhesabu kama mmoja. Mtu akauliza kama mwanawe, aliyezaliwa siku ile ya tatu wodini, yumo kwenye hao arobaini. Ndahani akasema yumo. Mtu yule akakaa chini. Mwingine akamtemea mate Ndahani kwenye shati, naye Ndahani hakuyafuta. Mama wa mchi aliuteremsha, akauegemea, akasema, "Endelea, ila bado sijaondoka." Mzee wa Baraza la Mafundi akachomoa spana kwenye mfuko wa koti, akaenda kumrudishia Mbeleje bila kumtazama usoni.

Nilikuwa juu ya jeneza nikijiona malkia. Mnaona? Nilitaka kuwaambia Wanajumla wote waliojificha kuanzia hapa mpaka baharini, mnaona? Sufuria limerudishwa uani, na hakuna aliyekufa! Wananuna, lakini wanakula! Mtu akishaonja ushindi wa namna hiyo hashibi. Nilitaka mlango ufunguliwe wote, hadi bawaba.

"Mgawaji," nikasema, nikakohoa mara mbili, nikaguna. "Umeme wangu alipewa nani?"

Ndahani aligeuka ghafla. Alitikisa kichwa, polepole, na machoni mwake sikuona hasira. Nilimwona yule mtoto wa mgongoni. "Bibi, usiulize hilo."

"Kisifichwe kitu!" nikasema. "Jibu, Mgawaji."

"Nyumba namba thelathini na moja," tundu likasema. "Kalunde binti Sizya. Mkazi mmoja. Miaka sitini na moja. Miaka inayotarajiwa kubaki, ishirini na moja. Yako, Mzee, ilikuwa tisa."

Nikasikia pumzi ya mtu ikitoka puani, nyuma kule, na nikaitambua. Nyanzala muuza magadi.

"Sitini na moja," akasema taratibu, kama anayeonja mboga. "Sitini na moja, nyie?"

Mbeleje alikuwa ameshika spana yake. Aliniangalia, akaangalia jeneza, akamwangalia katekista na karatasi yake ya wasifu, na niliona hesabu ikipita usoni kwake. Ni fundi. Hakosi.

"Baba," akaniita. Hakusema Bibi. "Muulize. Kama wewe na yule wa thelathini na moja mngekuwa rika moja, angefanyaje?"

Nilitaka kuvua koti. Lakini mtani akishavaa koti la marehemu, mfiwa akimtuma, anatumwa. Nikauliza.

"Mngegawana," Mgawaji akasema. "Nusu saa kwa nusu saa mpaka Tanuri iishe. Nafasi ya kupona, sita katika kumi kwa kila mmoja. Kwa miaka sawa, jumla yake inazidi kumpa mmoja peke yake."

Sita katika kumi. Niliwaza kile kiti cha kamba na kofia. Niliwaza saa nane ile mimi nilikuwa nafanya nini, nikakumbuka: nilikuwa nimelala, nimejifunika shuka, maana baridi ilizidi.

"Bibi Kalunde," Mbeleje akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa fundi anapogusa waya asioujua kama una umeme. "Mlikaa dawati moja na baba. Umesema mwenyewe sasa hivi. Una miaka mingapi?"

Turubai lote lilikuwa linanitazama. Mama wa mchi alikuwa ananitazama. Ndahani alikuwa ametazama chini. Mimi, Kalunde, niliyesema kisifichwe kitu, nilifungua mdomo.

"Sitini na moja."

Lakini koti lilikuwa bado mwilini, kofia masikioni, na koo langu lilikuwa bado halijatoka kwa marehemu.

"Si kweli, Mzee Chibehe," tundu likasema juu ya kichwa changu. "Una sabini na saba."